Askari wa zamani waliojeruhiwa uti wa mgongo: matunzo na haki zao katika mwambao wa Gitaza

Tarehe 5 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Dunia ya Majeraha ya Uti wa Mgongo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 15 ulimwenguni wanaishi na jeraha hilo. Walio wengi waliumia katika ajali za barabarani, kwa kuanguka au kwa kushambuliwa. Hapa Burundi wamo pia watu walioumia katika utumishi wa silaha: askari wa jeshi la zamani, wapiganaji wa makundi yaliyoingia katika mikataba ya amani, na wanajeshi waliotumwa kulinda amani nchini Somalia.

Makala haya yanaeleza jeraha hilo ni nini, kwa nini huweza kuua miaka mingi baada ya risasi, familia ifanye nini nyumbani, na haki zipi zinaweza kudaiwa. Tunalitazama jambo hili kutoka Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, kwa kuwa mahali mtu anapoishi ndipo matunzo yanapofaulu au yanaposhindwa.

Jeraha lenyewe

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na nyingine zilizoungana chini yake hadi kitokono. Ndani ya pingili hizo umepita ugwe laini wa mishipa ya fahamu. Ugwe huo hupeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha habari za maumivu, joto, baridi na mguso. Mfupa uliovunjika huweza kuunga. Ugwe uliokatwa au kupondwa kabisa, hadi leo hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kuurudisha ulivyokuwa.

Mahali palipoumia ndipo panapoamua mwili utabakiwa na nini. Aliyeumia shingoni huweza kupooza mikono na miguu, na pengine kupumua kukawa kwa shida. Aliyeumia kifuani au kiunoni hubaki na nguvu za mikono, lakini miguu hukosa nguvu. Kwa wengine ugwe umeumia nusu, hivyo hubakiwa na hisia kidogo au mwendo kidogo. Ndiyo sababu watu wawili waliopigwa siku moja, mahali pamoja, wanaweza kuwa na mahitaji tofauti kabisa.

Watu wengi huona miguu isiyotembea na kudhani kwamba hilo ndilo tatizo lote. Mhusika mwenyewe ana matatizo mengine asiyoyataja mbele ya wageni: hajui kibofu kimejaa lini, hawezi kuzuia choo, hahisi ngozi inapoungua au kuchubuka, na huenda ana maumivu makali katika sehemu ileile ambayo mkono wa daktari hausikiki. Mambo haya ya faragha ndiyo yanayoamua uhai wake.

Kutoka vitani hadi nyumbani

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Oktoba 1993. Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Makubaliano ya kusimamisha vita kati ya serikali na CNDD-FDD yalifuata Novemba 2003, na kundi la FNL likaweka silaha chini Aprili 2009. Kuanzia Desemba 2004, tume ya taifa iliyojulikana kwa kifupi CNDRR, ikisaidiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, iliwarudisha katika maisha ya kiraia watu zaidi ya 20,000, wanaume kwa wanawake. Walipewa posho ya mpito iliyohesabiwa kwa msingi wa mshahara wa miezi 18 kulingana na cheo, ikilipwa kwa awamu, na baadaye msaada wa kuanzia kazi.

Kwa kijana mwenye viungo vyote, mpango huo ulikuwa na mantiki: apate cha kumsukuma, kisha ajitegemee. Kwa aliyepooza hesabu ni nyingine. Posho ilikuwa ya mpito, na jeraha ni la maisha. Godoro huchakaa, magurudumu hukatika, mipira ya mkojo huisha kila wiki, na mlezi aliyekuwa kijana huzeeka.

Wimbi la pili lilitoka Somalia. Burundi ilipeleka kikosi chake cha kwanza katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, AMISOM, Desemba 2007. Ujumbe huo ukageuka kuwa ATMIS Aprili 2022 na kumaliza kazi mwishoni mwa 2024. Majeruhi mahututi walihudumiwa Mogadishu, na baadhi yao wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Umoja wa Afrika una utaratibu wa fidia kwa wanajeshi wanaofariki au kulemaa katika utumishi huo. Hivyo katika mwambao mmoja wanaweza kuishi majirani watatu wenye jeraha la aina moja na karatasi za aina tatu. Anayetaka kuwatetea aanze kwa kuuliza: huyu aliumia akiwa chini ya nani, na ana hati gani ya kuthibitisha?

Kinachoua miaka mingi baada ya risasi

WHO inaeleza kwamba mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo ana uwezekano wa kufa mapema mara 2 hadi 5 zaidi ya mtu asiye nalo, na hali huwa mbaya zaidi katika nchi zenye kipato cha chini. Vingi kati ya vifo hivyo vinaweza kuzuilika. Hatari kubwa ni hizi.

Vidonda vya kulalia. Mtu mzima hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hajigeuzi, na ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na kitanda hukosa damu ikaanza kufa. Kidonda huanza kama doa jekundu au jeusi lisilofutika, hasa kwenye makalio, nyonga, kitokono na visigino. Kikifika mfupani huleta sumu katika damu. Kinga yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili anapolala, usiku na mchana. Kujiinua au kuegemea upande mmoja kila baada ya dakika 15 hadi 30 anapokaa kitini. Kukalia mto laini. Na kuikagua ngozi asubuhi na jioni. Mashuka yawe makavu na yasiwe na mikunjo. Doa likionekana, asilalie wala kukalia sehemu hiyo mpaka lipone.

Mkojo. Kibofu kisichomwagika vizuri huzaa maambukizi, na mkojo unaorudi nyuma huharibu figo. Njia inayopendekezwa kwa wengi ni kutumia mpira safi kutoa mkojo mara 4 hadi 6 kwa siku, kisha kuutoa mpira huo. Mhusika mwenye nguvu za mikono anaweza kufundishwa kujifanyia mwenyewe. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mhudumu wa afya aeleze namna ya kutunza mipira. Wengine hupunguza kunywa maji ili wasilowane. Kufanya hivyo huongeza maradhi. Homa, kutetemeka, au mkojo mzito wenye harufu kali ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Choo. Mwili hufundishika kwa ratiba. Saa ileile kila siku au kila baada ya siku moja, baada ya chakula au kinywaji cha moto, huzuia choo kufunga na pia huzuia aibu ya kuchafuka mbele za watu. Mboga, matunda na maji husaidia.

Presha kupanda ghafla. Hatari hii huwapata hasa walioumia kuanzia katikati ya kifua kwenda juu. Dalili zake ni kichwa kugonga vikali, uso kuwa mwekundu au kujaa jasho, na mapigo ya moyo kwenda polepole. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa, mpira uliokunjika, choo kilichofunga au nguo inayobana. Mketishe wima mara moja, legeza nguo, fungua njia ya mkojo, na umpeleke hospitali ikiwa hali haitulii. Ikicheleweshwa huweza kupasua mshipa wa damu ubongoni.

Moto na jua. Asiyehisi joto huungua bila kujua. Sufuria yenye chakula cha moto isiwekwe mapajani, miguu isisogezwe karibu na jiko la makaa, na kiti cha chuma kisiachwe juani kabla ya kukaliwa.

Huzuni nzito. Mtu aliyezoea kuamuru au kulinda wenzake, leo hugeuzwa kitandani na watoto wake. Akikataa chakula, akikataa kugeuzwa, au akisema maisha hayana maana, hayo yachukuliwe kama dalili ya ugonjwa unaohitaji tiba na mazungumzo, wala asiitwe mkaidi.

Historia inathibitisha kwamba inawezekana

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, askari aliyepooza kwa jeraha la mgongo alihesabiwa kuwa mtu wa kufa. Wengi walikufa kwa vidonda na maradhi ya figo. Februari 1944, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alifungua wodi ya majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, mkojo utunzwe kwa usafi, na kila mmoja apewe kazi na mchezo. Tarehe 29 Julai 1948 aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale, yakiwa na washiriki 16. Kutokana na mbegu hiyo ilichipuka michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Nchini Marekani askari waliopooza hawakungoja kusemewa. Waliunda chama chao mwaka 1946 na kudai matibabu, utafiti na majengo yanayoingilika. Kenya ina hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo jijini Nairobi, ambayo asili yake ni makao ya askari waliojeruhiwa katika vita hivyohivyo. Uganda ina kituo cha Mubende kwa wanajeshi waliolemaa. Rwanda ilipitisha mwaka 2007 sheria maalumu ya kuwalinda wapiganaji wa zamani wenye ulemavu. Kilichoanza kuokoa maisha mwaka 1944 hakikuwa mashine za gharama. Kilikuwa saa, sabuni, mto na mtu wa kugeuza, pamoja na taasisi iliyokubali kwamba wajibu huo ni wake.

Kwa nini Gitaza ni mahali pagumu

Gitaza iko kusini mwa Bujumbura, kiasi cha kilomita 30, kando ya barabara kuu namba 3, RN3, inayokwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Upande mmoja ni Ziwa Tanganyika, upande wa pili milima inapanda ghafla. Barabara hiyo ndiyo njia ya kufikia hospitali za Bujumbura na ya Rumonge.

Mwishoni mwa Machi 2015, mvua kubwa zilisababisha maporomoko ya udongo na mawe Gitaza. Nyumba zilifukiwa, familia zikahama, na RN3 ikakatika. Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa nayo yamepanda na kufurika maeneo ya mwambao, ikiwamo Rumonge. Mwenye miguu hupanda mlima au huvuka kwa mtumbwi. Aliyepooza hungoja kubebwa. Mpango wa dharura wa kilima unapaswa kumtaja kwa jina: nani atambeba, kwa machela gani, na mipira yake na dawa ziko katika mfuko upi.

Hata siku isiyo na mvua, nyumba iliyo juu ya mteremko humfanya mwenye kiti cha magurudumu kuwa mfungwa wa ua wake. Kiti chenye magurudumu membamba ya hospitali hakifai kwenye mawe na mchanga. Kinahitajika chenye matairi mapana na fremu imara, kilichopimwa kwa mwili wa mtumiaji. Kiti kikubwa kupita kiasi hupinda mgongo na kuzaa vidonda. Kipawa chenye nia njema kinaweza kudhuru ikiwa kilitolewa bila vipimo na bila mto.

Yapo pia ya kumsaidia mtu kuishi. Mwambao huu unategemea ndagala, mukeke na mafuta ya mawese. Kushona nyavu, kuchambua ndagala, kuuza mawese kwa rejareja, kutengeneza sabuni, kuchaji simu au kurekebisha redio ni kazi za mikono ambazo mtu aliyeketi anaweza kuzifanya. Chama cha ushirika kinachomkubali kama mwanachama mwenye hisa, na si kama mtu wa kuhurumiwa, humrudishia sauti katika nyumba yake.

Tusisahau kwamba jeraha hili haliwapati askari peke yao. Katika mashamba ya michikichi ya Rumonge, mtu akianguka kutoka juu anaweza kuvunjika mgongo. Asikunjwe begani wala kuketishwa kwenye pikipiki. Alazwe juu ya ubao, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja, na watu kadhaa wambebe kwa pamoja. Huduma itakayodaiwa kwa ajili ya askari wa zamani itamfaa na mkwezi huyu.

Mlezi naye ni mtu

Mara nyingi mlezi ni mke, mama, dada au binti. Ndiye anayeamka saa nane za usiku, na ndiye anayelima mchana. Mgongo wake huumia kwa kuinua, na shule ya binti huweza kukatika. Ndugu wa pande zote mbili wagawane zamu, hata kama ni usiku mmoja kwa wiki. Mlezi afundishwe hospitalini kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani: kugeuza, kuhamisha kutoka kitandani hadi kitini, kutumia mpira, kutambua kidonda.

Ndoa nayo haijafa. Watu wengi wenye jeraha hili huendelea na maisha ya unyumba kwa njia tofauti, na baadhi hupata watoto. Mwanamke aliyepooza anaweza kushika mimba na kujifungua akiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Maswali haya yaulizwe kwa mhudumu wa afya kwa heshima, na yajibiwe kwa heshima.

Haki na karatasi

Katiba ya Burundi, katika kifungu cha 22, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014. Mkataba huo unagusa afya, ukarabati wa viungo, vifaa vya kutembelea, makazi na kufikika kwa majengo. Sheria namba 1/03 ya tarehe 10 Januari 2018 inahusu kuendeleza na kulinda haki za watu wenye ulemavu nchini. Wizara ya ulinzi inabeba katika jina lake neno wapiganaji wa zamani, na wizara yenye dhamana ya mshikamano wa kitaifa inahusika na walemavu wote.

Sheria haijigongei mlango yenyewe. Hatua zifuatazo husaidia.

1. Kusanya hati: kitambulisho, cheti cha kupunguzwa jeshini au cha utumishi, ripoti ya daktari inayotaja mahali pa jeraha na kiwango cha ulemavu, picha za mionzi, na kadi ya matibabu. Nakala ziwekwe kwa ndugu anayeishi mbali na mteremko na mbali na ufuo.

2. Pata uchunguzi mpya ikiwa ripoti ni ya zamani. Jeraha moja linaweza kuwa limezaa ugonjwa wa figo au kidonda cha mfupa ambacho hakikuwapo siku ya kupunguzwa jeshini.

3. Andika ombi lenye jambo linalopimika. Barua inayosema "tunaomba msaada" hujibiwa kwa ahadi. Inayosema "tunaomba mipira ya mkojo ya kutosha matumizi manne kwa siku, mto mmoja wa kiti na ziara moja ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kila mwezi" inaweza kuwekwa katika bajeti, na ikikataliwa, kukataliwa huko kunaonekana.

4. Pitia ngazi: chifu wa kilima, tarafa, kisha wizara husika. Barua iwe na tarehe, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

5. Jiunge na wenzako. Muungano wa watu wenye ulemavu nchini, UPHB, pamoja na vyama vya wapiganaji wa zamani, vinaweza kusema kwa niaba ya wengi. Waliokuwa pande tofauti za vita wanaweza kutia sahihi barua moja, kwa kuwa kidonda cha kulalia hakiulizi mtu alipigania upande upi.

6. Haki ikipuuzwa, Tume Huru ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNIDH, hupokea malalamiko ya raia.

Wajibu wa kila mmoja

Viongozi wa tarafa wanaweza kuandikisha wakazi wote wenye jeraha hili na kuhakikisha kwamba kituo cha afya kina mlango wa mteremko, kitanda kinachofikika na mhudumu aliyefundishwa. Hospitali inaweza kukataa kumruhusu mgonjwa aende nyumbani kabla familia haijafundishwa. Misikiti, makanisa na vyama vya wavuvi vinaweza kupanga zamu za kubeba na kutembelea. Majirani wanaweza kusawazisha njia kutoka nyumba hadi barabarani kwa siku moja ya kazi za maendeleo.

Na anayemtembelea askari huyo asianze na habari za vita. Amsalimie kwa jina lake kama mzee wa nyumba, akae chini kidogo ili macho yakutane, kisha aulize maswali mawili: ngozi ikoje leo, na mipira imebaki mingapi?